Viti Vilivyomjua Sindano

Jumatatu asubuhi, karakana ikiwa bado inafagiliwa, muuguzi mstaafu aliingia na mkoba wake kwapani, akakataa kukaa, akasema makochi aliyouziwa juzijuzi yameigeuzia televisheni mgongo.

"Yote?" aliuliza Shemeji.

"Lile kubwa na vile vidogo vyake. Yanatazama dirishani. Nayasukuma asubuhi, nikitoka jikoni yamegeuka tena. Mimi na goti langu hili, nitasukuma makochi mpaka lini?"

Shemeji ndiye aliyekuwa na karakana, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, na malalamiko ya wateja aliyapokea kama anapokea salamu. Alimwita mdogo wa mkewe, msichana ambaye karakana nzima ilimwita Sindano kwa wembamba wake na kwa jinsi alivyochoma akikasirika, akamwambia abebe begi la vifaa aende na mama huyo nyumbani kwake.

Sindano alikuwa amepiga magoti mbele ya fremu tupu, anafunga springi. Kazi hiyo hakumwachia mtu. Mafundi wengi siku hizi hubandika sponji juu ya mbao, wakapiga stapla, wakaita kochi. Yeye alizifunga springi kwa kamba ya katani, fundo kwa fundo, akizigonga kwa kidole mpaka zote zilie sauti moja. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa akiokota makochi mabovu jalalani, anayafumua kuona mafundi wa zamani waliyafunga vipi, anayafunga upya, anayafumua tena. Baadaye akajilipia kozi ya kukata vitambaa, akapata cheti. Shemeji alikifurahia sana cheti kile. Alikitundika ukutani, chini ya picha yake mwenyewe.

Nyumbani kwa muuguzi, Sindano alipoingia sebuleni makochi yalikuwa yanatazama dirisha, upande ilipo karakana. Yakageuka taratibu, miguu ikikwaruza sakafu, yakamtazama yeye mlangoni. Akaenda kusimama penye friji. Yakamfuata. Akarudi mlangoni, nayo yakarudi. Muuguzi alitazama yote hayo mikono kiunoni.

"Kumbe yanakutafuta wewe," alisema.

"Inaelekea, mama."

"Wewe ndiye uliyeyatengeneza?"

Tangu aanze kazi hiyo, hakuna mteja aliyewahi kumuuliza Sindano swali hilo.

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Basi mwambie bosi wako ana mkono mzuri," alisema muuguzi. "Televisheni nitaihamishia dirishani."

Seremala wa karakana, mtu asiyependa maswali, aliposikia habari hiyo alisema kiti kilichofungwa sawasawa huujua mkono uliokifunga. Hutokea mara chache, kwa sababu watu wanaofunga sawasawa ni wachache, na ni kero tu. Aliwahi kusikia habari za kabati lililokuwa likimfuata fundi wake sokoni, ikabidi liuzwe mji mwingine. Kisha akarudi kupiga msasa.

Mji ukazoea. Msusi mmoja alihamisha vioo vyake. Meneja wa benki aliona kiti chake kimeupa mlango kisogo, akakiacha hivyo hivyo, maana wateja waliolazimika kulalamika mbele ya kisogo walimaliza haraka. Mchana viti vyote vilitazama karakana, na jioni vilitazama chumba alichopanga Sindano, nacho kilikuwa uani kwa Shemeji. Kwa hiyo watu waliona mambo yako wazi kabisa. Walisema viti vya Shemeji vina heshima, havimsahau bwana wao. Karakana ikavuma. Wateja walitoka mbali, wakapanga foleni hadi nje, na Shemeji akaanza kuvaa koti hata kwenye joto.

Hapa lazima ielezwe desturi ya msumari wa mwisho, maana bila hiyo mtu anaweza kufikiri watu wa mji ule walikuwa vipofu. Hawakuwa vipofu. Kila kiti kilipokamilika, msumari mmoja wa kichwa cha shaba uliachwa bila kupigwa. Mteja akifika, Shemeji alitoka ofisini na nyundo yake ndogo, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo, akaupigilia ule msumari, akasimama wima kama mtu aliyetua mzigo mzito. Mteja aliyaona hayo kwa macho yake. Mtu akiulizwa nani amemtengenezea kochi, alimtaja yule aliyemwona na nyundo, na wewe ungefanya hivyo hivyo.

Sindano aliyajua yote haya na yalimkata maini. Alitaka karakana yake mwenyewe, basi. Ndoto yake ilikuwa ndogo hivyo: mlango, meza ya kukatia, na mteja anayeingia akimuulizia yeye. Vifaa alikuwa navyo. Ujuzi alikuwa nao mpaka wa kumwaga. Kilichokosekana ni jina, na kila alipoligusia suala hilo, Shemeji aliegemea kiti akamhubiria.

"Jina linajengwa, shemeji yangu. Usiwe na haraka. Mimi nimejenga langu kwa jasho."

Kiti alichoegemea, wakati akisema hayo, kilikuwa kimemgeuzia uso Sindano, kwa hiyo alilazimika kuzungumza akimtazama usoni. Hakuona haya.

Mwaka ule mji ukajenga ukumbi wa mikutano, na kamati ikatangaza kwamba inatafuta fundi wa kutengeneza viti vyake vyote. Sindano aliomba kazi hiyo kwa jina lake, kimyakimya. Shemeji naye aliomba, kwa kelele. Kamati ikawaita wote wawili siku moja, na mwenyekiti wake, mama mwenye miwani na sauti ya upole, akaagiza kiti kimoja kilichotoka karakana hiyo kiwekwe katikati ya chumba.

"Tumesikia maneno mengi," alisema. "Kiti kiseme chenyewe."

Shemeji akatembea kukizunguka kiti. Kiti kikatulia. Sindano akatembea, na kiti kikazunguka naye, polepole, mpaka akarudi alipoanzia. Wajumbe waliangalia. Mmoja alikuwa anakunywa chai, akaendelea kuinywa.

"Nilikifunga mimi," alisema Sindano. "Hicho na vingine vyote mnavyoviona mjini."

"Tumeona, mwanangu. Wala hatubishi," alisema mwenyekiti. "Msumari wa mwisho alipiga nani?"

"Yeye. Lakini msumari ni..."

"Basi. Kazi kubwa kama hii tunampa mtu mwenye jina. Wewe huna jina bado."

"Nitalipataje, mama?"

"Kwa kufanya kazi kubwa," alisema mwenyekiti kwa upole ule ule, na wajumbe wakatikisa vichwa kukubali, kwa sababu lilikuwa jibu zuri.

Sindano alirudi nyumbani damu inamchemka. Alikunja nguo zake akaziweka kitandani, tayari kuondoka. Dada yake akaingia, akakaa juu ya nguo hizo.

"Sasa ukiondoka, viti vya ukumbi atafunga nani?"

"Afunge mwenye jina."

"Mdogo wangu, jina likiwa lake si ni letu sote? Sisi si familia?"

"Mbona likiwa langu haliwi letu sote?"

Dada alikwenda akazungumza na mumewe, na baada ya muda Shemeji mwenyewe alikuja akasimama mlangoni, nyundo mkononi, akatoa ahadi. Sindano afunge viti vya ukumbi. Siku ya ufunguzi kiti kimoja kitawekwa jukwaani, na msumari wake wa mwisho ataupiga yeye Sindano, mbele ya wakubwa na wadogo. Baada ya hapo awe na jina lake, aende nalo atakako.

"Mbele ya watu wote?" aliuliza Sindano.

"Watu wote. Nikisema nimesema."

Aliamini. Mtu anaweza kumcheka, lakini angefanya nini? Alifanya kazi ile kama hajawahi kufanya kazi. Vidole vilichubuka kwa katani, akavifunga vitambaa akaendelea. Aligundua namna mpya ya kupindisha fundo iliyofanya kiti kisizame hata kikikaliwa na mtu wa uzito wa Shemeji. Seremala alipoliona fundo hilo alilitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mh." Kwa seremala yule hiyo ilikuwa hotuba.

Siku ya ufunguzi Sindano alivaa gauni jipya la kijani na kuingia kwa mlango mkubwa. Wageni walikuwa wameshakaa. Viti vyote vya ukumbi, safu kwa safu, vikageuka pamoja na watu waliovikalia, vikamtazama. Miguu ya viti ilikwaruza vigae kwa kishindo kimoja. Wageni, walipojikuta wanatazama mlango, wakarekebisha tai na mitandio yao, wakaendelea na mazungumzo.

Mwenyekiti wa kamati alimjia mbio.

"Mwanangu, hapo mlangoni hapafai. Jukwaa liko kule. Nenda usimame nyuma ya pazia la jukwaa, viti vitatazama mbele, shughuli iende."

"Na msumari wangu?"

"Utaitwa. Ni hotuba tu kwanza."

Akaenda. Nyuma ya pazia palikuwa na ndoo, ufagio na waya nyingi. Alisikia viti vikigeuka, kisha kimya cha watu wanaotazama wanakopaswa kutazama. Kitambaa cha pazia kilikuwa kizito, mshono wake mbaya. Alipanga mkononi namna atakavyoishika nyundo.

Shemeji akashika kipaza sauti. Alizungumzia uaminifu, na kumthamini mteja, na fundi anayejiendeleza kila siku bila kuchoka kujifunza. Alizungumza vizuri, tusimnyime haki yake. Hata Sindano, nyuma ya pazia, alijikuta anakubaliana naye neno kwa neno, mpaka aliposikia nyundo. Tak, tak, tak. Msumari ukazama. Makofi yakapigwa, yakapigwa tena, watu wakashangilia.

Alisubiri. Labda kuna kiti cha pili. Labda ataitwa sasa, labda Shemeji amesahau na atakumbuka. Makofi yakatulia, na Shemeji akaanza kumshukuru mwenyekiti wa kamati.

Sindano akafungua pazia kwa pembeni, akashuka ngazi za jukwaa na kuufuata ukuta kuelekea mlango mkubwa. Hakukimbia. Kila hatua aliyopiga, viti viligeuka naye, safu baada ya safu, vikipeleka magoti ya wageni upande wa ukuta, kisha upande wa mlango. Alifikiri sasa wataona. Hata kama hawataki, wataona, maana wamegeuzwa. Alipofika mlangoni akageuka awatazame usoni.

Wageni walikuwa wamepinda shingo. Magoti yalimwelekea yeye, vifua vilimwelekea yeye, na kila kichwa kilikuwa kimezungushwa nyuma, kuelekea jukwaani, ili kisipitwe na neno la Shemeji. Sindano aliona visogo tu, ukumbi mzima. Muuguzi mstaafu alikuwemo, safu ya karibu kabisa, ameshika shingo kwa mkono mmoja kuituliza.

"Ni mimi!" alisema Sindano kwa sauti.

Bwana mmoja aliweka kidole mdomoni bila kugeuka.

Akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za ukumbi na gauni lake la kijani. Alikuwa na hasira hadi meno yanamuuma. Baada ya kitambo dada yake alitoka, akainama karibu yake.

"Rudi basi nyuma ya pazia. Watu shingo zinawauma."

"Waumie."

"Mdogo wangu, usituaibishe. Kamati inasema kuanzia leo itakuwa inakuita kila shughuli. Kazi ya kudumu hiyo, ya kusimama tu."

Dada alijifuta jasho la usoni, akarudi ndani. Kutoka ukumbini sauti ya Shemeji ilikuja safi kupitia vipaza sauti. Aliwapa wageni pole kwa shingo zao, wakacheka. Akawaahidi kwamba karakana yake itawashonea mito ya shingo, laini, ya kutosha kila kiti, na wasiwe na wasiwasi kwa sababu wanaijua kazi yake. Wakapiga makofi.

Pale kwenye ngazi Sindano alikuwa tayari anafikiria mito hiyo. Sponji isiwe ngumu sana, kitambaa kikatwe mshazari ili kivutike, na mshono upite chini usichubue ngozi. Vidole vyake vilikuwa vinapima gotini, bila yeye kuviamuru. Alivikunja ngumi. Vikajikunjua, vikaendelea kupima.