Mawe Niliyoyasugua

Samaki wangu, kitatange, alikitazama kipande cha ngisi kikishuka mbele ya mdomo wake mwembamba, akakigeuzia mkia. Ilikuwa siku ya nane bila kula. Rangi yake ya njano, iliyowaka kama ndimu mbivu siku niliyomnasa kwenye miamba ya kisiwa chetu cha Chovai, ilikuwa imechujuka, na tumbo lilikuwa limebonyea.

"Bado?" aliuliza Omar, mwenye hoteli, nyuma yangu.

"Bado."

"Si ulisema hakuna samaki asiyekusikia, Mukhtari?"

Nilisema. Nilisema katikati ya ukumbi huu, wafanyabiashara wa Kismayo wakinisikiliza, nami nimetanua kifua. Mimi ndiye niliyemshawishi Omar aweke tangi la kioo, na mimi ndiye niliyepiga mbizi nikamtoa samaki huyu kwao, mzima, akiwa katikati ya kula.

"Asipokula kufikia alasiri, tangi linaondoka. Wageni wangu hawaji kunywa chai mbele ya maiti. Na wewe, ndugu yangu, utarudi kisiwani kwenu."

Mimi si mtu wa kumwachia mwenzangu neno la mwisho. Tangu utotoni, jibu langu hutoka kabla sijavuta pumzi. "Utamwona akila," nikamwambia, "kisha utanitaka radhi."

Akaenda zake akicheka. Kumrudisha samaki baharini nisingeweza. Kwa udhaifu ule angemezwa kabla hajafika chini. Nikampigia simu shangazi yangu Mwanalima, ambaye ameokota chaza miambani Chovai maisha yake yote.

"Kitatange wa nini na ngisi?" akasema. "Yeye hudonoa jiwe, kutwa nzima. Umemwekea mawe?"

"Nimemwekea, shangazi. Ya huko huko kwetu. Niliyasugua kwa brashi na maji matamu, nikayaanika juani siku tatu."

"Mchu huyu!" akapaza sauti, yaani mtu huyu kwa Kibajuni chake, nusu kicheko, nusu hasira. "Umemwoshea chakula chake chote! Nani alikutuma?"

Ningemwambia nini? Kwamba wiki yangu ya kwanza hapa hotelini, kabla samaki hajaja, bibi mmoja alipita karibu nami akaziba pua kwa ukingo wa shela? Kwamba baada yake nilisugua mawe, nikasugua ndoo, nikasugua mikono yangu mpaka vidole vikachubuka, ili isibaki hata chembe ya harufu ya kwetu?

Maji yalipokupwa nilishuka mwambani jirani na hoteli, nikachukua jiwe moja lililojaa uhai: mwani, viminyoo, konokono wadogo kama punje za mtama. Nikalitia ndooni na maji yake. Mlango wa nyuma, ambao Omar aliniamuru kupitishia vitu vya samaki, ulikuwa na kufuli. Wapishi, wenye ufunguo, walikuwa wamekwenda sokoni. Ndani, samaki nilikuwa nimemwacha akianza kulalia ubavu.

Nikapita mbele.

Harufu ilinitangulia, na ukumbi wote ukageuka. Nikapiga magoti, nikalizamisha jiwe polepole. Kitatange alikuwa amejibanza pembeni. Baadaye pezi moja likatikisika.

"Omar!" Mtu mmoja mwenye kanzu nyeupe alipaza sauti. "Hii hoteli au soko la samaki? Mtoe Mbajuni wako na uvundo wake!"

Watu wakacheka. Damu ikanipanda. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, kali, limekamilika mpaka vina vyake, la kumtoa mtu huyo ukumbini akitazama chini. Lakini samaki alikuwa ameondoka pembeni. Kilibaki kiganja kimoja kati ya mdomo wake na jiwe. Ningesimama, kivuli changu tu kingemrudisha, na nguvu za kutoka tena hakuwa nazo.

Nikalimeza lile jibu. Lilishuka kama mwiba wa samaki.

"Kiziwi huyu?" Kanzu yake ikanigusa bega. "Nasema na wewe!"

Sikugeuka. Niliinua kidole kimoja, taratibu, nikamwonyesha samaki.

Nikasikia magoti yake yakialika alipochutama kando yangu. Kitatange alilizunguka jiwe, akasita, akadonoa. Akatema.

"Ametema," mtu yule akanong'ona, kana kwamba samaki ni wake.

Kitatange akarudi, akainamisha kichwa penye mwani, akadonoa tena, na safari hii mashavu yake yakaanza kucheza, akimeza. Yule mtu akanishika mkono uliolowa, kwa nguvu, macho yake yakiwa kwenye kioo, na hakuuachia.