Shahidi Dhidi ya Swichi Yangu

Kaka yangu alipoingia chumba cha rufaa, nilidhani amekuja kuniunga mkono. Nikampungia mkono. Hakunitazama. Akatupita mimi na mama, akaenda kuketi upande wa ofisi ya hataza, ile inayosajili haki za wavumbuzi.

"Shahidi mtaalamu wa ofisi," karani akatangaza.

 Huyu ndiye aliyenifundisha kulehemu waya!

Ofisi ilikuwa imeninyima hataza ya swichi ya kifaa cha kusikia. Nilikitengeneza kwa ajili ya mama, ambaye vidole vyake vimekakamaa, hawezi kubonyeza kitufe kidogo kama punje ya mtama. Changu hujiwasha chenyewe: lazima kihisi joto la sikio, na papo hapo taya litikisike. Moja bila jingine, hakiwaki ng'o. Ofisi ikasema hilo ni jambo la dhahiri, fundi yeyote angeliwaza. Nikakata rufaa.

"Vihisi joto vipo," kaka aliwaambia wale watatu wa jopo, macho kayainamisha. "Vya mtikisiko vipo. Kuviunganisha ni kazi ya asubuhi moja."

 Masikio yalivuma kana kwamba nimezabwa kofi.

Mama, kifaa chenyewe sikioni, akasimama. "We mtoto! Ndivyo ulivyosema jikoni kwangu?"

"Mama, keti tafadhali," mwenyekiti akasema.

Lakini wakili wangu alishadaka neno. "Shahidi, dada yako alipokueleza wazo hili mara ya kwanza, ulimjibu nini? Umekula kiapo."

 Kaka akamtupia mama jicho.

"Nilimwambia anatwanga maji kwenye kinu. Kwamba haiwezekani."

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. "Wewe, fundi wa kiwango hicho, uliona haiwezekani. Sasa udhahiri wake uko wapi?"

Jopo lilitoka kushauriana, likarudi: rufaa imekubaliwa. Wakili akanishika bega akicheka. Mimi nilikuwa nikimfuata kaka kwa macho akitoka mlangoni.

Kaka alitungoja kwenye ngazi. "Dada, waliniita kama fundi, si kama kaka."

"Na mimi nilikuzaa kama nani?" mama akamuuliza.

 Kaka akashuka ngazi harakaharaka, koti likimning'inia bega moja.

"Mwite arudi," mama akaninong'oneza, machozi yakimlengalenga.

Nilifungua mdomo. Jina lake likagoma kutoka.