Kiti cha Pili Mahakamani

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa katika mahakama ya Voi, ambako mdogo wangu Nyambu alikuwa akipimwa. Kifungo chake kilikuwa kimekwisha. Kilichobaki ni mahakama kuamua jina lake liingizwe katika rejista ya wahalifu wa makosa ya kingono kwa kiwango gani cha hatari. Jambo hili ni la kweli hata nje ya ndoto: shauri lake linasikilizwa leo asubuhi, nami nilikuwa nimelala bila kuamua kama nitakwenda.

Hakimu alikuwa joho jeusi lililotundikwa kwenye msumari. Hapakuwa na mtu ndani yake. Nilifundisha historia kwa muda mrefu, kwa hiyo sikushangaa.

"Kiwango cha kwanza," likasema joho, "ni nyumba yenye kuta nne. Cha pili ni nyumba yenye kuta tatu. Cha tatu ni kitanda uwanjani, na kila apitaye atasoma jina la mlalaji."

Nyambu ameketi juu ya mizani kubwa. Anapakatishwa mawe, moja baada ya jingine, na mizani yenyewe inayataja.

"Alitumia nguvu." Jiwe.

"Aliyemtendea hakuwa akimjua." Jiwe.

"Alihudhuria mafunzo gerezani hadi mwisho." Jiwe dogo linaondolewa.

"Hana wa kuishi naye." Jiwe hili linabebwa na askari wawili.

Nikainua mkono. "Mheshimiwa, upweke umekuwa hatia tangu lini?"

"Si hatia, Mwalimu," inanijibu mizani. "Ni uzito."

"Wanaoishi peke yao bila kumdhuru mtu ni wengi. Mimi ni mmoja wao."

"Mizani haioni moyo wa mtu," linasema joho. "Inajua tu waliofanana naye walifanya nini. Una chochote cha kuliondoa jiwe hilo?"

Nyambu hanitazami. "Mwacheni, mheshimiwa. Kaka hapendi kelele."

Nasikia sauti yangu ikisema kwamba ninacho chumba kitupu, na kwamba meza yangu ina viti viwili. Joho linaagiza shahidi aitwe. Mlango unafunguka, na kiti changu cha pili cha jikoni kinaingia kwa miguu yake minne, kimebeba magazeti, kimejaa vumbi jekundu.

"Umetoka wapi?"

"Nyumbani kwa Mwalimu, Wundanyi, mheshimiwa. Nimeteremka kwa miguu."

"Nani hukukalia?"

"Magazeti."

"Na watu?"

Kiti kinayaweka sawa magazeti yake. "Aliwahi kuja fundi wa bomba. Lakini yeye alisimama juu yangu."

Askari wanacheka. Jiwe linabaki palepale.

Mara tuko jikoni kwangu, mahakama nzima. Joho linaning'inia kando ya sufuria. Mlangoni amesimama Mghoi, mwanamke ambaye Nyambu alimtendea unyama ule. Haingii. Ameshika kikapu cha soko mbele ya tumbo, kwa mikono yote miwili.

"Mwalimu, hayo mawe mimi sitaki kuyahesabu," anasema. "Nyumba yako iko kwenye njia ya soko. Akija kukaa hapa, mimi nipite wapi?"

"Utapita papo hapo. Siku za soko atakuwa ameketi nami mezani, mbele ya dirisha, umwone kabla hajakuona."

"Na siku atakayokataa kuketi?"

"Nitakuja kukwambia mwenyewe."

"Utaniapia kwamba amebadilika?"

Namtazama mdogo wangu. Mawe yamemfika kidevuni. Ningependa kuapa.

"Siapi," nasema. "Sijui."

Mghoi analigeukia joho. "Huyu angalau hajui. Wote waliokuja kwangu na maneno walikuwa wanajua."

Joho linajikunja, likajikunjua. "Hakimu anaruhusiwa kuiacha mizani, mradi ataje sababu. Sababu ni kwamba yupo mtu asiyejua, na kwa kuwa hajui, atakaa macho. Kiwango cha pili. Ukuta unaotazama njia ya soko uvunjwe."

"Ni ukuta wangu," nikasema.

"Ndiyo."

Mghoi akautazama ukuta ukianguka, akapima kwa macho, akaenda zake sokoni bila kuaga. Hakuwa na deni la kuaga.

Kiti kikajitikisa, magazeti yakamwagika. Askari wakaliondoa lile jiwe zito. Nyambu akashuka mizanini, akakikalia kiti polepole, kama mtu anayeogopa kuchafua. Upepo wa barabarani ulikuwa ukitupiga sote wawili.

"Chai ina sukari, kaka?"

"Kidogo."

"Basi itatosha."

Niliamka kabla sijaimimina.

Ukuta wangu ulikuwa mzima. Mvua ilikuwa imenyesha, na saruji ya uani ilikuwa safi, haina hata unyayo. Jikoni, magazeti yalikuwa yametawanyika sakafuni, na kiti cha pili kilikuwa kimesogea hadi mezani. Nilichukua kitambaa chenye maji, nikakifuta mguu mmoja, kisha wa pili, kisha ile mingine. Kitambaa kikawa chekundu.

Nikakisuuza, nikakianika, nikavaa viatu kuteremka Voi.