Dobi wa Ghorofa ya Nne

Saa mbili asubuhi, siku moja baada ya bomu kuung'oa ukuta wa mbele wa jengo lao, dobi wa ghorofa ya nne alitoka na beseni, akafunga kamba kutoka kwenye dirisha hadi kwenye nondo iliyochomoza, akaanza kuanika shuka za hospitali. Zilitakiwa Alhamisi, na bomu si udhuru kwa mwenye shuka.

Ofisa wa manispaa, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Habari, alimpiga picha kutoka chini. Wiki ileile picha ikabandikwa kila kona: MJI WETU HAUPIGI MAGOTI. Dobi alipoiona alisema tu kwamba kitambaa chake cha kichwa kilikaa upande.

Mdogo wake, aliyekuwa akizipiga pasi nguo alizofua dada yake, alikwenda manispaa kuomba handaki lililo chini ya ofisi lifunguliwe. Lilikuwa limejaa viti na mapazia.

"Watu wenye moyo kama wa dada yako wakajifiche kama panya?" Bwana Habari alimuuliza. "Mama, hebu fikiri."

Jumatatu jioni ndege zilirudi. Dobi alifia kwenye ngazi pamoja na majirani kumi na mmoja. Walizikwa Jumanne.

Jumatano saa mbili asubuhi dobi alikuwa juu, anaanika. Ghorofa ya nne haikuwepo tena. Alisimama pale ilipokuwa. Jirani wa chini alilalamika kwamba maji yanamdondokea kwenye unga, na kwamba kufa si sababu ya mtu kuacha kukamua nguo.

Siku ile shuka zilikuwa saba. Jioni walikufa watu saba. Ijumaa zilikuwa kumi na tisa, na wafu wakawa kumi na tisa. Tangu hapo seremala alipita kila asubuhi, akahesabu kwa kidole, kisha akaenda kupasua mbao. Siku ilipoanikwa shuka moja tu, ndogo, ya kitanda cha mtoto, kina mama walishinda wamewakumbatia wana wao, hata wale waliokwisha kuota ndevu.

Bwana Habari aliwaleta waandishi wa magazeti. "Nguo zinaongezeka," aliwaambia. "Huo ndio moyo wa watu wetu."

Asubuhi moja shuka zilifika sitini na nne. Kamba ilirefuka, ikavuka barabara hadi jengo la pili. Mdogo mtu alikimbia manispaa akiwa bado na pasi mkononi.

"Leo ni sitini na nne. Naomba ufunguo wa handaki."

"Jana zilikuwa ngapi?"

"Mbili."

Bwana Habari akaandika. "Hongereni."

"Maana yake unaijua."

"Naijua, mama," alisema kwa upole. "Lakini mji ukionekana unajificha, umekwisha kushindwa." Akamfungulia mlango wa kutokea.

Mdogo mtu alirudi, akapanda ngazi mpaka zilipokomea.

"Dada."

"Umechelewa," dobi alisema bila kugeuka.

"Yangu imo?"

"Sijui ni za nani. Mimi naletewa chafu, nafua."

"Basi acha kufua."

Dobi alifikiri kidogo. "Nikiacha, watakufa vilevile. Watazikwa na uchafu." Akatoa shuka nyingine kwenye beseni, akamrushia ncha moja. "Shika huko tukamue. Mtu wa chini ananisema sana."

Mdogo mtu alitua pasi kwenye ngazi, akashika. Ilikuwa nzito, na baridi yake ilimpanda hadi mabegani. Wakaizungusha, mmoja kulia, mmoja kushoto, kama walivyofanya tangu wakiwa wasichana, mpaka tone la mwisho likaanguka barabarani. Wakaianika. Ilikuwa ya sitini na tano.

Kwenye beseni zilikuwa zimebaki tatu.