Sahani ya Masele

Siku ya arobaini ya marehemu mumewe, Teodora alimpelekea shemeji yake, Masele, sahani ya sato kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala tangu apate kiharusi. Masele akaisukuma sahani, mchuzi ukammwagikia Teodora.

"Mimi si mbwa wa kulishwa kwa kushoto. Leteni mwenye mikono!"

Kuna waliocheka. Jirani wa Teodora, Hellen, ndiye aliyepiga magoti akaokota samaki, kisha akamfuta kanga.

Tangu hapo Teodora hakumwomba Mungu uzima. Alimwomba mkono tu.

Kwenye zahanati ya mji wao mdogo walimwambia mtaalamu wa mambo hayo yuko Mwanza mjini, na foleni yake haina mwisho. Hellen hakukubali. Aliuliza kwa wauza dagaa mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, akauliza kwa mafundi cherehani, mpaka akaambiwa kuna binti kaolewa nyuma ya mawe makubwa, anaitwa Raya, mtaalamu wa tiba kwa vitendo: hufundisha mkono uliolala kufunga kifungo na kushika kijiko upya.

"Shikamoo, bibi. Unataka mkono ufanye kazi gani?" Raya aliuliza, mtoto mgongoni.

"Marahaba. Ubebe sahani ya samaki, umfikie mtu mmoja bila kumwaga."

"Huyo mtu ana bahati!"

"Ngoja, mjukuu wangu."

Alianza kwa kuchambua dagaa, mmoja mmoja, kwa vidole vya kulia. Kila dagaa aliyembana alikuwa sikio la Masele. Akaja kukamua kitambaa. Hiyo ilikuwa shingo yake. Baadaye akatembezwa uani na sahani ya maji. Yakimwagika, Raya aligeuka kumtazama mtoto, ili bibi wa watu asione haya.

Mvua zikaja, zikapita. Wakaja wakwe kuleta mahari ya Rebeka, mjukuu wa Teodora. Masele, mkubwa wa ukoo, alikaa katikati amevaa koti. Kwa desturi yao mgeni hagusi chakula mpaka mkubwa wa ukoo atangulie.

Teodora akaingia na sahani, mkono wa kulia. Ulikwenda polepole, lakini ulifika. Akarudi jikoni, akaja na nyingine, mpaka wakwe wote wakapata. Hellen alisimama mlangoni, kaziba mdomo.

Ya mwisho ilikuwa ya Masele. Mbele yake Teodora alisimama, akaihamishia sahani mkono wa kushoto, taratibu, kila mtu aone. Akaunyoosha.

"Karibu, shemeji."

Masele alitazama mkono, akawatazama wakwe. Samaki walikuwa wanapoa. Mzee mmoja wa upande wa pili akakohoa.

"Shemeji, wageni wana njaa," Teodora akasema kwa upole. "Au nimwite mwenye mikono?"

Masele akaipokea kwa mikono miwili. Akamega tonge, akatafuna kichwa kimeinama.

Teodora alirudi jikoni, akachagua sato mnono kuliko wote, akamfungia Raya.