Pigo la Datius

Jumamosi alasiri Ildefons aliiweka mashine ya ngoma kwenye meza ya baa moja mjini Bukoba, akafuta vumbi kwenye vitufe, akaanza kurekebisha sauti kabla ya dansi. Ilikuwa mwaka 1990. Bendi yake ilikuwa imebaki na watu watatu. Wengine walikuwa wamechukuliwa na ule ugonjwa, akiwemo Datius, mpiga ngoma. Kabla hajalazwa, Datius alikaa mbele ya kipaza sauti akaipiga ngoma yake pigo moja kwa kiganja, na mashine ikalihifadhi. Tangu azikwe, pigo hilo lilirudiwa kila Jumamosi, na watu walicheza.

Siku hiyo lilisikika kavu. Ildefons alilishusha likawa zito, akarefusha mkia wake, ule mvumo wa mwisho, usikatike mapema, kisha akasogeza nyuma mahali sauti inapoanzia, hadi kabla mkono haujagusa ngozi ya ngoma. Ikasikika pumzi ya mtu. Akalishusha zaidi.

"Besi imezidi," alisema Datius kutoka kwenye spika.

Ildefons akaipunguza. Wakasalimiana, na Datius akauliza habari za mkewe.

"Kokwijuka yupo Maruku, kwenye kibanja chenu. Lakini kaka yako Lwakatare anamtoa. Anasema mtoto wenu alikufa, kwa hiyo hana cha kumweka pale."

"Nipeleke," Datius akasema.

Kesho yake baada ya misa, Ildefons alifunga mashine, spika na betri ya gari kwenye baiskeli, akaenda Maruku. Ukoo ulikuwa umekaa uani kwenye kibanja hicho, katikati ya migomba na mikahawa. Lwakatare alimsaidia kuunganisha nyaya.

"Karibu nyumbani, Datius," alisema. "Pole na safari."

"Asante, kaka. Nimekuja kwa ajili ya kibanja. Kahawa ile tuliipanda mimi na Kokwijuka, mashimo tulichimba wote. Mwacheni akae."

Wazee walivua kofia, wakasikiliza mpaka mwisho. Mkubwa wao, Rugaibula, ndiye aliyejibu.

"Tumekusikia, mwanangu. Unasema kweli na hakuna anayekubishia. Lakini umekufa, waitu, ndugu yetu. Marehemu hana kauli kwenye kikao cha ukoo."

"Na shemeji mwenyewe anakohoa," Lwakatare akaongeza kwa upole. "Tutakuja kugawana tena mwakani?"

Kikao kikafungwa, pombe ya ndizi ikaletwa. Kokwijuka akatandika mkeka karibu na spika.

"Siku ile nilikuwa nimetoka wodini kukuchemshia uji," alisema. "Niliporudi walikuwa wameshakufunika. Uliniita?"

"Nilikuita."

"Sikusikia, mume wangu."

"Najua. Uani kulikuwa na wanawake wengi wanaopika."

Betri ilianza kuisha. Sauti ya Datius ilizidi kuwa nzito na kuvutika, jina la mkewe likachukua muda mrefu kutamkwa, na Ildefons akawa anaipandisha kidogo kidogo ili mwenzake alimalize. Datius alilimaliza.

Jumatatu Kokwijuka alihamia kwa dada yake, kijiji cha Kanazi, na godoro na sufuria. Jumamosi zilizofuata alikuja baa mapema, wakati viti bado vimepinduliwa juu ya meza. Ildefons alimfundisha kusogeza mwanzo wa sauti, akawaacha peke yao. Walizungumza mambo ya kawaida: mvua, afya, nani kaoa, nani kazikwa. Alikuja amevaa sweta hata kwenye jua, na kila safari sweta lilimpwaya zaidi.

Mwezi wa sita alimwambia mumewe kwamba kahawa ya Maruku imeiva vizuri mwaka huu, matawi yameinama.

"Nani anachuma?" Datius akauliza.

"Lwakatare na wanawe."

Mlangoni watu walikuwa wameanza kuingia. Ildefons aliomba radhi, akasogeza mwanzo wa sauti ukarudi pale mkono unapogusa ngozi, akawasha mdundo. Kokwijuka alikaa akasikiliza wimbo wa kwanza mpaka ukaisha, kisha akaondoka kuwahi gari la Kanazi.