Kombania Isiyotawanywa

Asubuhi, bodaboda zinazotoka Heru Juu kwenda Kasulu hupunguza mwendo darajani, maana Kombania ya Wahandisi wa Akiba huwa inakaza nati. Dereva hupiga honi, askari husogeza miguu, abiria huwasalimu kwa Kiha, "Mwakeye," basi. Kwamba walikufa maji wakilijenga daraja hilohilo, kila mtu anajua. Mgeni wa heshima alikuwa anakuja kulizindua, kapteni akawa na haraka, akawaingiza mtoni mto ukiwa umefurika. Walipoibuka kesho yake na nyundo zao, kapteni alikuwa ameshahamishwa, na hakuna aliyewaambia, "Tawanyika." Askari asiyeambiwa hivyo hatawanyiki.

Mwajabu humletea chai ya tangawizi mumewe Hilali, mmoja wa askari hao. Hilali hanywi tena, ila hupenda kushika kikombe chenye joto. Bado ni kijana vilevile. Binti yao Zena ameshamzidi umri, na humwamkia shikamoo baba bila taabu. Kaburi la Hilali liko nyuma ya mihogo, wazi tangu lilipochimbwa. Kila masika linajaa maji, na kila masika Mwajabu anayachota kwa ndoo. Amechoka, mgongo unamuuma, na anaogopa asije akafa kabla hajamzika mumewe.

"Njoo basi nikuzike, Baba Zena. Hata leo."

"Nikiondoka bila amri ni mtoro, Mama Zena," alisema Hilali, spana ikizunguka mkononi. Kutulia hajui tena.

Mwaka huu ikaja sherehe ya historia ya kombania. Meja alishuka garini, akasoma hotuba ndefu ya madaraja yao, kuanzia Kibondo mpaka Kasulu. Mafuriko hayakutajwa. Wafu walisimama mguu sawa juani, vidole vikichezacheza. Hotuba ilipokwisha, Mwajabu akamsogelea.

"Afande, nakuomba neno moja tu. Waambie tawanyika."

Meja akawatazama watu wasiokula, wasiougua, wasiodai mshahara. Aliona haya kidogo, tusimwonee.

"Sasa mama, daraja la Makere atalijenga nani?"

Akawageukia. "Kombania! Kuelekea Makere, mbele tembea!"

Wakaondoka kwa hatua moja. Hilali alipompita mkewe alimrudishia kikombe, chai imejaa vilevile. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Kibondo. Mwajabu akaimwaga, akaharakisha kwenda nyumbani kutafuta ndoo.